Mtungaji Ajitoleaye Kitabu Chake

Imekuwa desturi katika vyuo vya Afrika ya Mashariki kukipima kitabu kwa mgongo wake kabla ya kukifungua. Mgongo ukiwa na jina la nyumba ya uchapishaji inayojulikana, kitabu hupata nafasi rafuni, huhakikiwa katika majarida, na pengine hutiwa katika orodha ya vitabu vya mtihani. Usipokuwa na jina hilo, kitabu husukumwa kando, na mtungaji wake husemwa kwa sauti ya chini kwamba alijichapishia. Neno hilo moja limekuwa hukumu kamili. Alitamkaye hajioni kuwa na wajibu wa kuonyesha ni ukurasa upi uliomchusha, ni mhusika yupi asiye na uhai, wala ni ubeti upi uliovunjika mizani. Yatosha kwake kuwa mtungaji alimlipa mpiga chapa kwa fedha zake mwenyewe.

Hukumu hiyo ni ya uvivu, na kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ni kosa kubwa zaidi kuliko kwa watu wengine, maana sehemu kubwa ya fasihi waisomayo isingalikuwapo kama wazee wangaliifuata. Waliotunga tenzi katika Pate, Lamu na Mombasa hawakuwa na nyumba ya uchapishaji. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na mwenye kuupenda alikaa chini akaandika nakala yake, au akamlipa mwenye hati nzuri amwandikie. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu na katika karatasi chache mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya, na diwani yake iliyopigwa chapa ilitoka Johannesburg mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kifo chake. Katika miaka hiyo mia hakutokea Mmvita aliyesema kuwa Muyaka si mshairi kwa kuwa hakupata mchapishaji. Naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotaka kusema na watu wa Mombasa juu ya dini, elimu na mambo ya siku zake, alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kwa juhudi yake mwenyewe. Angalingoja nyumba fulani ya Uingereza ione faida katika maneno yake, pwani ingalikosa nathari iliyo miongoni mwa nathari bora za Kiswahili za wakati ule.

Ni kweli kwamba mambo yalianza kubadilika katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisoma miswada na kuviidhinisha vitabu vilivyofuata Kiswahili sanifu. Mwaka 1948 ikaanzishwa East African Literature Bureau. Haifai kuidharau kazi ya ofisi ile. Ndiyo iliyofanya mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, ambayo Muhammed Said Abdulla aliyashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ndiyo iliyotoa, kwa chapa yake ya Eagle Press, kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Ndiyo iliyotoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965 na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Kila apendaye riwaya ya Kiswahili ana deni kwake. Lakini idhini ya siku zile ilikuwa idhini ya serikali ya kikoloni, na usanifu ulikuwa ule uliojengwa juu ya Kiunguja. Mtu wa Mvita au wa Amu aliyetaka kutunga kwa ulimi wa mamake alijua tangu mwanzo kuwa mlango ni mwembamba. Fikira ya kwamba kitabu kisicho na muhuri si kitabu ilikomaa wakati huo. Serikali iliyouweka muhuri ilikwisha ondoka, lakini fikira ilibaki chuoni, na wanaoirithi leo ni wale wale wanaotoa mihadhara juu ya kuondoa athari za ukoloni.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Shaaban Robert. Wanafunzi humsoma kana kwamba vitabu vyake vilifuatana kwa utaratibu, kila kimoja kikitoka kalamuni na kuingia darasani. Haikuwa hivyo. Pambo la Lugha lilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand huko Afrika ya Kusini. Kusadikika kilitolewa na Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Maana yake ni kwamba karani wa serikali, akaaye Tanga, alikuwa akiifunga miswada yake katika bahasha, akiipeleka ng'ambo, na kungoja majibu ya watu ambao hawakupata kuisikia lugha yake ikisemwa barazani. Mingine ilingoja kupita umri wake. Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao wahusu vita vya mwaka 1939 hata 1945, ulitoka mwaka 1967. Kufikirika kilitoka mwaka huo huo wa 1967. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968. Mtungaji mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1962. Na aitazame hesabu hiyo yeyote anayeamini kwamba kazi nzuri haikosi mchapishaji wake kwa wakati wake: mtu aliyekuwa amekwisha julikana kote katika Afrika ya Mashariki, aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili, ambaye mashairi yake yalikuwa yakikaririwa shuleni, alizikwa na baadhi ya vitabu vyake vikuu bado ni karatasi zilizofungwa kamba.

Yeye mwenyewe hakuridhika kungoja. Insha na Mashairi ya mwaka 1959 na Almasi za Afrika ya mwaka 1960 hazikutoka London wala Nairobi. Zilitoka Tanga, kwa jina la Art and Literature, na jina hilo lilikuwa lake. Mshairi mkuu wa Kiswahili wa karne ile, basi, alijichapishia. Wale wanaolitumia neno hilo kama tusi na waseme kama wako tayari kumtupia yeye. Na kama hawako tayari, waeleze ni kwa kanuni gani humtupia mwalimu wa sekondari wa Kigoma ambaye hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chake.

Yapasa isemwe pia, ili hoja isipinde, kwamba si Art and Literature iliyomfikisha Shaaban Robert kwa kila mtoto wa shule. Mtu mmoja, mwenye mshahara wa karani na afya isiyo imara, hawezi kuwa na maghala, magari na mawakala wa kuuza vitabu toka Mombasa hata Bukoba. Kazi hiyo ilifanywa na wachapishaji wakubwa baada yake, na baadaye ikaendelezwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Kinachobishwa hapa si faida ya mchapishaji. Kinachobishwa ni kule kulichukua jina lake kuwa kipimo cha kazi ya mtungaji.

Kisa cha Abdilatif Abdalla chaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika Kenya: Twendapi?, waraka uliohoji mwenendo wa serikali ya Kenya, ukapigwa na kutawanywa kwa siri. Ni vigumu kudhani kuwa mwaka ule palikuwa na nyumba yoyote ya Nairobi ambayo ingalikubali kuutia jina lake. Mtungaji alifungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi, na mashairi hayo yalitolewa na Oxford University Press mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapewa mwaka 1974 tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mkono ulioandika ni mmoja. Waraka usingaliweza kutoka kwa mchapishaji, na diwani isingaliwafikia wasomaji wa nchi zote hizi kama mtungaji, aliyetoka kifungoni mikono mitupu, angalilazimika kumlipa mpiga chapa. Kila kimoja kilifuata njia iliyokifaa. Mhakiki ambaye angeuacha waraka kwa kuwa hauna mchapishaji asingeielewa diwani yenyewe, maana waraka ndio uliompeleka mtungaji alikoitungia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Bureau ilikufa pamoja nayo. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa bado na nguvu za kutoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, zote za Adam Shafi. Lakini miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni, na miswada ikalala. Hapo ndipo vijana wa Dar es Salaam walipoanza kuzitoa riwaya zao wenyewe: za upelelezi, za mapenzi, za majambazi na wapelelezi wasiokufa hata wakipigwa risasi kumi. Ben Mtobwa aliunda nyumba yake, Heko, akatoa vitabu vyake humo. Wahakiki waliziita riwaya hizo pendwa, neno lenye adabu lisilokuwa na heshima. Si uongo kwamba nyingi zilipigwa chapa ovyo, herufi zikarukwa na sura zikamalizwa kwa haraka. Hata hivyo zilisomwa, katika mabasi, katika kambi za jeshi na katika mabweni, wakati ambapo vitabu vilivyo na muhuri havikupatikana madukani kabisa. Dar es Salaam Usiku ya Mtobwa ilikuja kutolewa pia na East African Educational Publishers ya Nairobi, na ghafla ikaanza kutajwa na watu ambao hapo kwanza walikuwa hawaijui. Maneno yaliyo ndani yalikuwa yamebadilika kiasi gani? Mgongo ndio uliobadilika.

Katika Kenya nako, tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, ilitolewa mwaka 2001 na Marimba, nyumba ndogo iliyotoa pia Natala, Mchezo wa Karata na Bara Jingine za mtungaji huyo huyo, nayo ikateuliwa kuwa kitabu cha mtihani wa sekondari. Safari hii wateuzi walisoma kilichoandikwa, nao wastahili kusifiwa kwa hilo.

Watetezi wa desturi ya zamani husema kwamba mchapishaji ni chujio. Yeye huisoma miswada mia na kuchagua mitano. Huwa na mhariri anayemrudishia mtungaji sura ya tatu mara nne mpaka ikae sawa. Huweka fedha zake hatarini. Hukipeleka kitabu mahali ambapo mtungaji hafiki. Maneno hayo ni ya haki, na palipo na nyumba itendayo hayo, mtungaji mwenye akili na aende huko, akubali kungoja, na akubali kukosolewa. Nagona na Mzingile za Kezilahabi, vitabu vidogo vigumu ambavyo hakuna mfanya biashara angetarajia utajiri kutokana navyo, zilitolewa na nyumba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990 na 1991. Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Hizo ndizo kazi za mchapishaji anayestahili jina hilo.

Lakini yafaa kuuliza ni nyumba ngapi zitendazo hayo leo. Sehemu kubwa ya biashara ya vitabu katika nchi hizi ni vitabu vya shule, na mnunuzi mkubwa ni serikali. Kenya ilianza mwaka 2018 kuvinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Katika Tanzania kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi ilivunjwa mwaka 2013, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu. Katika hali kama hiyo mchapishaji hamtazami msomaji, humtazama afisa. Riwaya isiyotarajiwa kuteuliwa hupokelewa kwa tabasamu, huwekwa mezani, na baada ya miaka miwili mtungaji huambiwa kwamba soko ni gumu. Aghalabu barua ya kukataa haina neno hata moja juu ya kazi yenyewe. Chujio gani hilo ambalo halikuyaonja maji? Mswada uliokataliwa kwa sababu hautaingia katika silabasi haukuhukumiwa kuwa mbaya, wala uliokubaliwa kwa sababu una kurasa 120 na mafunzo mema kwa vijana haukuthibitishwa kuwa mzuri.

Kutokana na hayo kumezuka jambo lililo baya kuliko yote. Zipo nyumba ziitwazo za uchapishaji ambazo humwambia mtungaji achangie gharama. Humpa mkataba wenye maneno yote ya heshima. Humtaka alipe fedha za kupanga herufi na za karatasi. Huchukua haki ya kitabu kwa muda usiotajwa. Kisha humpa nakala 200 azibebe mwenyewe. Mtungaji huyo amejichapishia bila kupata faida ya kujichapishia. Fedha ni zake, hasara ni yake, na haki si yake. Alichonunua ni jina la mgongoni, na amelinunua kwa sababu amekwisha fundishwa na vyuo kwamba bila jina hilo kazi yake haitasomwa. Dharau ya wasomi, basi, ni mtaji wa watu hao. Kama mwalimu wa chuo angekubali kukipima kitabu kwa maneno yake, biashara hiyo ingekufa katika mwaka mmoja.

Na hesabu ya mtungaji ichukuliwe kwa mfano. Riwaya yauzwa shilingi 15,000 za Tanzania, na nakala zilizopigwa ni 1,000. Mchapishaji wa kweli, kwa mrabaha wa asilimia 10, atampa mtungaji shilingi 1,500 kwa kila nakala, yaani shilingi 1,500,000 nakala zote zikiisha, na pengine zitakwisha baada ya miaka mitano. Mtungaji hakuhatarisha kitu isipokuwa muda wake. Ajitoleaye kitabu, tuseme amelipa shilingi 5,000 kwa kila nakala kwa mpiga chapa, na shilingi 1,000,000 kwa mhariri. Ametoa shilingi 6,000,000 kabla ya kuuza hata kimoja. Mwenye duka akichukua asilimia 35, mtungaji hubakiwa na shilingi 9,750 kwa kila nakala. Itampasa auze nakala 616 ili arudishe fedha zake. Akiziuza zote 1,000 atapata faida ya shilingi 3,750,000. Faida hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mrabaha. Lakini nakala 616 si mchezo kwa mtu ambaye hana duka, hana gari, na ambaye siku ya kazi yupo darasani tangu saa moja unusu asubuhi. Wengi hufika nakala 150, nazo ni za ndugu, marafiki na wanafunzi walioona haya kukataa. Zilizobaki hukaa chini ya kitanda zikiliwa na mchwa.

Hesabu hiyo yafaa isomwe mara mbili na wale wapya wanaohubiri kwamba zama za wachapishaji zimepita. Kwao kila mwenye mswada ni mtungaji, na kila mwenye kuzuiwa ameonewa. Husema kwamba simu imeondoa milango yote: sura hutolewa moja baada ya moja katika makundi ya WhatsApp, msomaji hulipa kwa simu hiyo hiyo, na sura ya kumi na moja humfikia kabla ya usiku. Hilo ni jambo la kweli na ni jambo kubwa. Riwaya za Kiswahili zinazosomwa kwa njia hiyo zina wasomaji ambao nyumba za uchapishaji hazikupata kuwafikiria, wauza duka, walinzi wa usiku, wanawake walio Muscat na Dubai kwa kazi za nyumbani. Nao hulipa, tena hulipa kabla ya kusoma. Mwenye kuidharau hadhira hiyo hajui riwaya ilikotoka, kwani riwaya nyingi kuu za Ulaya za karne ya kumi na tisa zilitolewa vivyo hivyo, sura kwa sura, katika magazeti.

Walakini mlango ukiondolewa, kazi iliyokuwa ikifanywa mlangoni haiondoki. Bado kuna haja ya mtu wa pili kuisoma kazi kwa jicho lisilo na huruma. Watungaji wengi wajitoleao vitabu huitoa fedha ya jalada, la rangi nne na picha ya machweo, huitoa fedha ya ukumbi wa hoteli kwa ajili ya uzinduzi, humwalika mheshimiwa anunue nakala ya kwanza kwa shilingi milioni mbili mbele ya kamera, na hawatoi hata thumuni kwa mhariri. Kisha msomaji hufungua ukurasa wa kwanza na kukuta "hadhi" mahali pa "hadithi". Hapo ndipo dharau ya wasomi inapopata chakula chake. Ni haki kumkemea mtungaji kama huyo, lakini akemewe kwa kosa alilolitenda, ambalo ni kutokuwa na mhariri. Asikemewe kwa kulipa. Shaaban Robert alilipa. Aliyetoa kitabu bila kusomwa na mtu mwingine, hata kama amekitoa kwa jina la nyumba kubwa iliyomfukuza mhariri wake ili kupunguza gharama, ametenda kosa lile lile.

Basi lililo la kuangalia si nani aliyelipa mpiga chapa. Ni nani aliyeusoma mswada kabla ya kupigwa, na nani anayekisoma kitabu baada ya kutoka. La kwanza ni juu ya mtungaji na mchapishaji. La pili ni juu ya vyuo, na hapo lawama ni nzito. Jarida la fasihi linalokataa kuhakiki kitabu kwa sababu ya mgongo wake limeiacha kazi yake kwa watu wengine, na watu hao wengine ni maafisa wa ununuzi. Tuzo nazo zimeanza kufanya ambalo majarida hayalifanyi. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Cornell, iitwayo sasa Safal, hupokea miswada ambayo bado haijapata mchapishaji; na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, imewatoa gizani watu wasiojulikana. Lakini tuzo huchagua wachache kwa mwaka, na majaji wake husoma kwa siku zilizohesabiwa. Haziwezi kuchukua nafasi ya wahakiki mia wanaosoma mwaka mzima bila kupewa bahasha.

Kuna na suala la maktaba. Namba ya kitabu hutolewa na maktaba ya taifa, katika Kenya na katika Tanzania, na mtu mmoja aweza kuiomba sawasawa na kampuni. Mtungaji aliyeipata na akaweka nakala zake huko ametimiza yote yaliyotakiwa na taifa. Vyuo havina sababu ya kumtaka zaidi. Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya riwaya za Dar es Salaam za miaka ya 1980 huzitafuta katika maktaba ya chuo na kukosa nyingi, kisha huambiwa na msimamizi wake achague mada yenye marejeo ya kutosha. Marejeo hayatoshi kwa sababu walimu wa wakati ule hawakuzinunua riwaya hizo zilipokuwa zikiuzwa mitaani mbele ya macho yao. Vitabu vinavyotolewa leo na watungaji wenyewe, vya karatasi na vya simu, vimekwisha kuanza kupotea kwa namna ile ile. Na baadhi yake, msimu huu wenyewe, vinauzwa langoni mwa chuo, juu ya turubai, karibu na mwenye kuuza karanga.